Tarumbeta Niliyoinyoosha Kupita Kiasi

Naanza na swali mnaloniuliza kuliko yote, kuliko hata namna ya kuchomoa pistoni iliyokwama. Ndiyo, ni kweli nilipigwa mkoba na bibi wa Kijerumani, hapahapa Rosettenville, Johannesburg, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya kuku wa pilipili. Na ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya jamu. Sasa mmeshajua, tuzungumze mambo ya kazi.

Mimi ni Papa Wilondja, na nyinyi ni vijana wa fanfari, bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, mliogawana nyundo zangu nilipofunga karakana mwaka huu wa 2019. Najua wengi wenu Kiswahili mnakisikia kwa mama zenu na kukijibu kwa Kizulu. Someni polepole, hakuna anayewafukuza. Nilipokuwa nikiyasema haya kwa mdomo mlikuwa na vile vitu vya muziki masikioni, ndiyo maana nimeona afadhali niyaandike.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Asukulu wa Baraka, kule Fizi, kando ya ziwa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye ulimi wa wembe. Nilipokuwa mgeni kwake, kipulizio cha tarumbeta moja kilikwama. Nikakibana kwa koleo, nikazungusha kwa nguvu zote za ujana, na bomba zima likajisokota. Asukulu akalitazama sana, kisha akaniuliza kama nimewahi kukamua mbuzi. Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza, "Na mbuzi yule bado anaishi?"

Kipulizio kikikwama, vijana, hakikamuliwi. Kitie tone la mafuta kwenye maungio, kifunge kitambaa cha maji ya moto, kisha nenda ukanywe chai. Ukirudi, gonga pembeni kidogo kwa nyundo ya mti, upande huu na upande ule, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Kitatoka chenyewe. Nusu ya kazi yetu ni ile chai.

Siku hizi mna sumaku. Mnaingiza gololi ya chuma ndani ya bomba lililobonyea, mnaivuta kwa sumaku kutoka nje, na bonyeo linainuka bila jasho. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo tu. Sisi gololi tulizitoa kwenye beringi za malori yaliyokufia barabara ya Uvira. Ya kwanza tuliipeleka mpaka chini ya bonyeo, ya pili tukaiteremsha nyuma yake iigonge, na hivyo hivyo, huku masikio yakiwa kazini, maana gololi ikifika mahali pake mlio hubadilika.

Na mjue kwamba kwetu Baraka bonyeo lilikuwa aibu kubwa. Fanfari ikija kwenye sikukuu na tarumbeta iliyobonyea, hakuna anayeuliza imeangukia wapi. Watu wanauliza sadaka inakwenda wapi. Namjua mchungaji aliyehamishwa kwa sababu ya tuba moja tu iliyobonyea. Ndiyo maana Asukulu alikuwa na sheria yake, na mimi niliishika kuliko amri nyingi za kanisa: tarumbeta ikitoka mikononi mwetu, hata aliyeiangusha asijue iliangukia upande gani.

Sheria hiyo ilinilisha Baraka na ikanilisha Johannesburg. Kisha mwaka 2015 akaja Mzee Gerhard, na sheria ikanigeuka.

Karakana yangu mnaikumbuka, chumba cha nyuma ya duka la Mreno wa kuku, kila tarumbeta ikitoka inanukia pilipili. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatwa kama ilivyokuwa kawaida ya mwaka ule, nami nimekaa mlangoni nikipata mwanga. Akatokea mzungu mzee, kaptura ya kaki, soksi mpaka magotini, jicho moja limefunikwa bandeji, kifua kimekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Akaniamkia kwa Kizulu.

Jamani, Kizulu gani kile! Aliniuliza habari zangu, za nyumbani, za mvua, za waliolala salama na za walioamka vibaya. Mimi, mtu mweusi, nikabaki natafuta maneno mfukoni. Ikabidi nimwite mke wangu, Mama Furaha, aliyekuwa akiuza vitenge mlango wa pili. Yeye Kizulu alikijulia sokoni, na mpaka leo anagombana kwa Kizulu vizuri kuliko kwa Kibembe chetu. Kuanzia hapo yeye ndiye alikuwa mdomo wangu, na haya nitakayowaambia yalipitia kwake, kwa hiyo kama kuna chumvi ni ya kwake.

Mzee Gerhard alikuwa mkulima wa kijiji kinachoitwa Lindenruh, huko kwenye milima ya Natal, katikati ya miwa na mikaratusi. Alikuja mjini kupasuliwa macho, akafikia kwa binti yake, mtaa wa Observatory. Vibarua wa shambani kwake ni watu wa kanisa lenye tarumbeta, na walikuwa wamemwambia kuna Mkongomani Rosettenville anayefufua vyombo. Akafungua blanketi. Tarumbeta ya zamani sana, shaba imekuwa nyeusi, pistoni zimeganda, na karibu na kinywa chake, kule inakotokea sauti, pana bonyeo kubwa la kutosha kuwekea yai.

"Haitoi sauti," akasema. "Nataka ilie tena. Jumapili ijayo ni sikukuu yetu."

Nikamwambia arudi baada ya siku chache.

Pistoni zilinisumbua kidogo tu. Nilizilowesha mafuta, nikanywa chai, zikalegea. Lakini bonyeo lile lilininyima raha. Mzee wa watu, jicho bovu, safari ndefu, halafu asimame mbele ya kanisa lake na aibu kama ile? Nikasema hili nitamfanyia bure, liwe zawadi. Mama Furaha akanikuta nimeshawasha moto wa gesi.

"Weye mzee, alikuomba kunyoosha?"

"Mtu akikuletea mgonjwa wa tumbo, ukamwona na kidonda mguuni, utakiacha?"

"Mimi nimeuliza tu kama alikuomba."

Nililipasha lile bonyeo mpaka shaba ikalainika, nikalilaza juu ya chuma cha mviringo, nikaanza kulisukuma kutoka ndani, taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Shikeni hilo, msianze katikati hata siku moja. Kisha nikaisugua kwa chumvi na siki mpaka ikang'aa. Nawaambia ukweli bila kujisifu, au pamoja na kujisifu, sijawahi kufanya kazi nzuri vile. Asukulu angelia.

Aliyelia alikuwa Mzee Gerhard. Aliporudi bandeji ilikuwa bado haijatoka na jicho la pili linaona ukungu tu, hivyo akaipokea tarumbeta kwa vidole. Kidole gumba chake cha kushoto kilikwenda moja kwa moja mahali palipokuwa na bonyeo, kikakosa. Kikarudi. Kikazunguka. Akaketi juu ya kreti ya soda bila kukaribishwa.

"Hawu, baba," akasema. "Liko wapi?"

"Nimeliondoa!" nikasema kwa furaha. "Bure!"

Mama Furaha aliyatafsiri hayo kwa sauti ndogo sana.

Hapo ndipo nilipopata historia yote ya Lindenruh, na mimi nawapa kama nilivyoipata. Babu zao walitoka Ujerumani kwa meli, wakulima na mafundi waliotumwa na wamisionari, wakapanda milima kwa magari ya ng'ombe. Walipewa ardhi yenye mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Walijenga kanisa kabla hawajajenga nyumba zao, na wake zao hawakuwasamehe jambo hilo. Waliongozwa na ndugu wawili, Johann na Karl. Johann ndiye aliyebeba tarumbeta ile. Aliipuliza mtoto akizaliwa, moto ukishika miwa, na mtu akifa, ili wa bonde la pili wajue waje na majembe.

Gerhard ni wa ukoo wa Johann. Kwao inasemwa kwamba walipokuwa wakivuka mto gari lilipinduka, Johann akaacha kila kitu ili aokoe mtoto, na tarumbeta ikapiga jiwe. Bonyeo ni alama ya ushujaa. Lakini ukoo wa Karl, ambao mkubwa wao sasa ni binamu yake, Mama Hannelore, unasema hapakuwa na mto wala mtoto. Ndugu wawili waligombania chemchemi, Johann akampiga Karl kichwani kwa tarumbeta, na bonyeo ni umbo la kichwa cha Karl.

"Na wewe unaamini nini?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa Johann," akajibu, kama vile nimemuuliza jina.

Na hii ndiyo ilikuwa desturi yao. Kila sikukuu ya kuanzishwa kijiji, tarumbeta huwekwa mezani kanisani. Mkubwa wa Johann anasimama na kusimulia mto. Mkubwa wa Karl anasimama na kusimulia kichwa. Watu wanazomea, wanacheka, watoto wanapita kutia ngumi zao kwenye bonyeo. Kisha watu wa koo zote mbili wanachukua vyombo vyao na kupiga pamoja, maana nusu ya vyombo viko nyumba hii na nusu nyumba ile.

"Hannelore atasema nimefuta ushahidi," akasema Mzee Gerhard. "Hatakuja. Asipokuja yeye, watu wake nao hawaji. Watoto wetu wako Australia, wako Cape Town. Tumebaki watu wa kujaza mabenchi machache. Tukiacha kukutana siku hiyo, baba, hakuna kijiji tena. Kutakuwa na mashamba tu, kila mtu na uzio wake."

Nilitoka kwetu nikaona vijiji vinavyokufa kwa bunduki. Sikujua kwamba mtu anaweza kuua kijiji kwa gololi na nia njema.

"Nitalirudisha," nikasema.

Vijana, katika kazi hii hamtafundishwa na yeyote namna ya kurudisha bonyeo. Nilimwomba picha, hana. Nilimwomba anichoree, akachora kitu kama kiazi. Mwishowe akapiga moyo konde, akampigia simu Mama Hannelore na kumwambia kila kitu. Nilisikia Kijerumani kikitoka kwenye ile simu nikiwa nimesimama upande wa pili wa chumba.

Kesho yake bibi mwenyewe akafika kwa basi. Mwanamke mrefu, kofia ya sufu, mkoba mikononi. Akauliza kwa Kizulu, wazi kabisa, "Yupi ni fundi?" Mreno wa kuku akaninyooshea kidole, na sijamsamehe. Sehemu iliyofuata mnaijua.

Baada ya kunipiga alinipa ile chupa ya jamu, kwa sababu ndiyo zawadi aliyokuwa amemletea mwenyeji wake, na desturi ni desturi. Akaingia ndani, akamwambia Gerhard, "Watu wa Johann! Mlishindwa kwa maneno, sasa mmeajiri mtu wa Kongo."

Basi tukaanza kazi ya kurudisha. Mzee Gerhard alikuwa amemtuma kibarua wake, na gari lililoleta mahindi mjini likaleta jiwe kutoka kwenye ule mto. Jiwe lenyewe si dogo. Akaliweka mezani kwangu, akasema nyundo yangu ifuate jiwe. Mama Hannelore akavua kofia, akainama, akaweka kichwa chake mezani kando ya jiwe.

"Kichwa cha ukoo wetu ni hiki," akasema. "Hakijabadilika. Pima."

Sasa nifikirieni mimi. Nina tarumbeta mkono mmoja, mbele yangu kuna jiwe, na kando ya jiwe kuna kichwa cha bibi wa watu. Nje foleni ya kuku imehamia mlangoni kwangu. Mama Furaha, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri tu, akaanza kutoa hukumu.

"Mimi naona ni kichwa," akaniambia kwa Kiswahili. "Wanaume wakigombania maji, njo vile wanafanya."

"Wewe tafsiri."

"Nimeshatafsiri. Mama amefurahi sana."

Mzee Gerhard akanipa soseji kubwa iliyokaushwa kwa moshi, ya nyumbani kwake. Mama Hannelore akatoa mkobani keki ya matufaha. Nikala vyote viwili, maana hakimu asiyekula kwa upande mmoja lazima ale kwa pande zote. Lakini nilipopasha shaba na kuinua nyundo, mkono ulikataa. Nikigonga hivi, nimesema kuna mto. Nikigonga vile, nimesema kuna kichwa. Nilikuwa mgeni katika nchi hii, nimekimbia kwetu na tarumbeta mgongoni, na watu hawa ambao babu zao nao walikuja na tarumbeta mgongoni wananiomba niwaamulie wao ni akina nani. Niliogopa, sifichi.

Nikazima gesi. Nikasubiri shaba ipoe, nikaiweka tarumbeta mezani.

"Siwezi," nikasema. "Bonyeo nikilipiga mimi, litakuwa uongo wangu, si ugomvi wenu. Chukueni muende nayo hivyo."

Mama Furaha alipotafsiri, wote wawili waliinyakua kwa pamoja. Gerhard akaishika kinywani, Hannelore akaishika kwenye bomba. Huyu anasema ni ya Johann, itarudi kwake. Yule anasema akiiachia, Gerhard ataipeleka kwa fundi mwingine aipige bonyeo la mto. Wakavutana pale karakanani, wazee wa kuheshimika, soksi za magotini na kofia ya sufu, wakazunguka meza, wakaangusha soda yangu. Kisha tarumbeta ikaponyoka. Ikaenda chini, ikapiga pembe ya fuawe langu, lile pande la chuma la kugongea, ikalia mlio ambao hata Mreno aliusikia akazima redio.

Mzee Gerhard akapiga magoti, akaitafuta kwa mikono, akaipata. Kidole gumba chake kikaanza kutembea. Kilipita mahali pa zamani, kikakosa, kikaendelea kidogo mbele. Kikazama.

"Lipo," akasema.

Mama Hannelore akapiga magoti naye, akatia kidole. Halikuwa na umbo la jiwe wala la kichwa, lilikuwa na umbo la fuawe la Rosettenville.

"Wewe ndiye uliyeiangusha," akamwambia.

"Mimi? Wewe ndiye uliyeiachia!"

"Nimeiachia kwa sababu ulivuta!"

Na walipokuwa wanasema hivyo, niliona nyuso zao zimechangamka, wote wawili, mashavu mekundu. Wakaondoka pamoja kwenye gari la binti yake Gerhard wakiendelea kubishana, jiwe wameniachia. Ndilo lile mlilokuwa mkiegemezea mlango wa karakana.

Jumapili ile mimi na Mama Furaha tulikwenda Lindenruh, tukapanda teksi usiku wa manane wa Jumamosi, tukafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kanisa dogo, mabenchi ya mbele wazee wa Kijerumani, ya nyuma Wazulu wa mashambani, na sisi katikati, Mama Furaha na kitenge chake cha njano. Tarumbeta iko mezani. Watoto wachache waliobaki wakapita kutia vidole. Mkubwa wa Johann akasimulia mto, kwa kifupi, kama anayemaliza chakula cha jana. Mkubwa wa Karl akasimulia kichwa. Kisha wote wawili wakaingia kwenye habari mpya, na kanisa likaamka. Nani aliiachia? Gerhard alisimulia kwa mikono. Hannelore alisimama juu ya benchi. Upande huu unazomea, upande ule unapiga meza, hata Wazulu wa nyuma wamegawanyika.

Mwishowe Mama Hannelore akanionyesha kwa ule mkoba. "Shahidi yupo! Aliona kwa macho yake. Aseme!"

Kanisa lote likageuka. Nikasimama. Mama Furaha akasimama nami kutafsiri, akaninong'oneza, "Sema kweli, mzee, uko kanisani."

Na mimi kweli niliona, vijana. Nilikuwa nimesimama mbele yao. Waliiachia wote wawili, kwa wakati mmoja. Bomba lilianza kulia kwenye maungio, lilikuwa karibu kukatika, na kila mmoja alisikia, na kila mmoja akafungua vidole ili mwenzake abaki nayo nzima. Nikaangalia yale mabenchi. Wazee wamenikodolea macho, wamejaa hamu, kuna ambao walikuwa hawajasogeleana mwaka mzima na sasa wamebanana bega kwa bega wapate kusikia vizuri. Nikajua kwamba nikiwapa jibu hilo watalia, watakumbatiana, watakwenda nyumbani, na mwakani hawatakuwa na sababu ya kurudi.

"Nilikuwa nimegeuka," nikasema. "Nilikuwa naokota soda."

Waliguna kanisa zima, kisha wakaanza upya kwa nguvu mpya. Mama Furaha alinitazama kwa jicho moja, akakaa. Baadaye vyombo vilichukuliwa vyote, nusu ya nyumba hii na nusu ya nyumba ile, na Mzee Gerhard akapuliza ya Johann, kidole gumba kimetulia ndani ya bonyeo langu.

Wananipigia simu kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu, mara Gerhard, mara Hannelore. Wananiuliza kama nimekumbuka chochote. Siku moja watawapigia nyinyi, maana namba ya karakana mmebaki nayo. Sasa mnajua kilichotokea. Muwaambie Papa Wilondja alikuwa amegeuka.